Hakyuu Kouka inapogoma: dalili, chanzo na tiba

Kila ninayemfundisha fumbo hili hunirudia baada ya siku mbili tatu akiwa na lalamiko, na malalamiko yenyewe ni yaleyale. "Sina pa kuanzia." "Namba zinajirudia." "Jibu langu si la mwenzangu." Nimeyapanga hapa kwa dalili. Ukikwama, nenda moja kwa moja kwenye dalili yako, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayowapata wengi, kisha ushuke.

Kwanza tulijue fumbo lenyewe. Hakyuu Kouka ni fumbo la namba la Kijapani, la kampuni ya Nikoli ya Tokyo, walewale walioipa Sudoku jina lake mwaka 1984. Sudoku walioitangaza haikuwa yao. Ilikuwa imechapwa Marekani mwaka 1979 kwa jina la Number Place. Hakyuu Kouka ni mali yao tangu mwanzo, na lilitokea mwaka 1998. Kwa Kiingereza wanaliita Ripple Effect. Jina la Kijapani lina maana ya athari inayosambaa, kama viwimbi vya jiwe lililotupwa kwenye maji, na ukilifahamu jina umeshafahamu nusu ya fumbo.

Sheria ni mbili tu. Jedwali limegawanywa kwa mistari minene kuwa vyumba vya kila umbo. Chumba chenye visanduku 4 kinajazwa 1, 2, 3 na 4, kila moja mara moja. Chenye visanduku 2 kinajazwa 1 na 2. Chenye kisanduku kimoja ni 1. Sheria ya pili: namba ileile ikitokea mara mbili kwenye mstari mmoja wa kulala au safu moja ya kusimama, kati yake pawe na visanduku visivyopungua namba hiyo. Kati ya 1 na 1 pawe na kisanduku kimoja au zaidi, kati ya 3 na 3 pawe na vitatu au zaidi. Mshazari hauhesabiki kabisa.

Hili hapa jedwali dogo tutakalolitumia mpaka mwisho. Herufi zinaonyesha vyumba:

A A B D
A A B B
C C C E
C F E E

Namba iliyochapwa ni moja tu: 2, kwenye mstari wa tatu, kisanduku cha mwisho, ndani ya chumba E. Chora kwenye karatasi kabla hujaendelea. Tumia penseli.

Dalili: "Sina pa kuanzia, jedwali ni tupu"

Sababu kuu ni uvivu mdogo: hujajaza vyumba vya kisanduku kimoja. Mtunzi amekupa namba hizo bure ila hakuziandika. Kwenye jedwali letu D na F ni 1. Ziandike sasa hivi, kwa maana zimeshaanza kufukuza 1 nyingine zote zinazogusana nazo kwa pembeni, juu na chini.

Sababu ya pili ni swali baya. Mtu aliyezoea Sudoku hutazama mstari na kujiuliza umepungukiwa na namba gani. Hapa mstari haudaiwi chochote. Unaweza kuwa na 1 mbili na usiwe na 4 hata moja, na ukawa sahihi. Deni liko kwenye chumba. Kwa hiyo uliza: 1 ya chumba hiki inaweza kulala wapi? Na 3 yake je?

Jaribu chumba B. Kisanduku chake cha juu kinagusana na D kwa ubavu, na kile cha pembeni kulia kiko chini ya D. Vyote viwili haviwezi kuwa 1. Basi 1 ya B iko kwenye kisanduku cha tatu cha mstari wa pili. Haikuhitaji akili nyingi, ilihitaji swali lenyewe.

Njoo E. Ile 2 imeshakaa. Kisanduku cha tatu cha mstari wa chini kinagusana na F, kwa hiyo si 1; 1 inabanwa kwenye kona ya chini kulia na 3 inashika kilichobaki. Rudi B: 2 ya E iko chini tu ya kisanduku cha mwisho cha mstari wa pili, kwa hiyo hapo hapakai 2. Ni 3, na kisanduku cha juu cha B kinakuwa 2. Umejaza nusu ya jedwali bila kubahatisha.

Sababu ya tatu hutokea kwenye majedwali makubwa: unaanza na namba ndogo iliyochapwa na kuiacha kubwa. Namba 1 inafukuza 1 wenzake kwenye visanduku 4 tu vinavyoizunguka. Namba 5 ikiwa katikati ya jedwali pana inafukuza 5 wenzake kwenye visanduku 20: vitano kila upande, pande nne. Visanduku hivyo inavyovifukuzia ndivyo wimbi lake. Anza na penye wimbi kubwa.

Dalili: "Namba zimejirudia kwenye mstari mmoja, nimekosea?"

Huenda hujakosea hata kidogo. Kujirudia si kosa. Kukaribiana ndiko kosa. Pima pengo, na likitosha endelea. Wengi hufuta kazi nzuri kwa sababu ya mazoea haya, na wale wa Sudoku wa miaka mingi ndio wanaofuta zaidi.

Dalili: "Chumba kimekubali, lakini nikihesabu nafasi hesabu inanipiga chenga"

Hapa nitakaa kidogo, maana karibu kila jedwali lililoharibika mikononi mwa wanafunzi wangu limeharibikia hapa.

Sababu ya kwanza ni kuhesabu umbali badala ya pengo. Mtu ana 3 kwenye kisanduku cha kwanza. Anahesabu kwenda kulia, moja, mbili, tatu, anaandika 3 nyingine pale alipotamka "tatu". Kosa. Sheria inataka visanduku vitatu viwe katikati, na yeye ameacha viwili.

Wanaocheza bao ndio wanaokosea hivi mara nyingi, na ndio wanaopona upesi. Ukichota kete 3 kwenye shimo na kuzisambaza, ya mwisho inaangukia shimo la tatu. Ichukulie 3 iliyochapwa kama shimo ulilochota. Kila shimo lililopata kete ni haramu kwa 3 nyingine, na hilo la mwisho likiwemo. Shimo linalofuata, lisilo na kete, ndilo la kwanza lililo halali. Mzee mmoja niliyemweleza hivyo alicheka na hajakosea tena. Mimi mwenyewe nilikuwa na wiki kadhaa za kufutafuta kabla sijaiona.

Ukaguzi wa haraka: weka ncha ya penseli kwenye kila kisanduku kilicho kati, ukitamka namba kwa sauti. Usiguse vile viwili vyenye namba. Mwisho wa hesabu ulinganishe na namba yenyewe. Ikitimia au kuzidi, salama. Mstari wa "2, kisanduku, kisanduku, 2" ni halali, ingawa umebana. "2, kisanduku, 2" si halali.

Sababu ya pili ni kudhani ukuta wa chumba unalizuia wimbi. Hauzuii. Wimbi la 4 linapita vyumba vyote linavyovikuta njiani mpaka limalize visanduku vyake vinne au ligonge ukingo wa jedwali. Linavuka pia namba nyingine bila kujali.

Sababu ya tatu, adimu lakini ipo: unahesabu kona. Wimbi halipindi. Linakwenda kulia, kushoto, juu na chini kwa unyoofu.

Dalili: "Nilienda vizuri, nimekwama katikati"

Kagua kwanza kama umetazama pande zote mbili. Jicho letu linasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na safu za kusimama husahaulika. Geuza karatasi robo mzunguko. Si mzaha, safu zinakuwa mistari na mara nyingi namba inajitokeza yenyewe.

Kisha kagua vipenseli vyako, yaani zile namba ndogo za kubahatisha unazoandika kwenye pembe za kisanduku. Kila namba kubwa unayoiandika lazima ifute vipenseli pande zake nne na ndani ya chumba chake. Ukiandika na kusahau kufuta, unajidanganya kwamba njia ni mbili kumbe ni moja.

Ikiwa hayo yote ni safi, kuna mbinu ambayo hawafundishwi wanaoanza na ni tamu. Tafuta chumba kilichonyooka, yaani visanduku vyake vyote viko kwenye mstari mmoja au safu moja. Tuseme ni vitatu vilivyolala. Hujui 3 yake iko wapi. Lakini kisanduku kinachogusana na ncha yoyote ya chumba hicho, kwenye mstari uleule, hakiwezi kuwa 3 hata kidogo: popote 3 ilipo ndani ya chumba, kati yake na kisanduku hicho havizidi viwili. Hivyohivyo kwa chumba kilichonyooka cha 2, cha 4, cha 5. Namba kubwa ya chumba inawasha wimbi hata kabla hujaiweka. Niliiona siku moja nikiwa nimekwama kwenye jedwali la 10 kwa 10, na namba tano zikadondoka mfululizo.

Chini ya hapo iko njia ya mwisho ya mkono: chagua kisanduku chenye namba mbili tu zinazowezekana, chukua penseli ya rangi, shika mojawapo na ufuate matokeo. Ukigonga ukuta, ile nyingine ndiyo kweli. Angalizo: shika dhana moja tu kwa wakati. Ukiwa ndani ya dhana ukaanza dhana ya pili, simama, futa rangi yote, urudi. Dhana mbili juu ya nyingine hazifuatiliki kwa karatasi. Wala usijione mjinga. Wanahisabati wameshathibitisha kwamba fumbo hili, jedwali linapozidi kukua, limo kwenye lile kundi la matatizo ambayo hata kompyuta haina njia ya mkato inayojulikana ya kuyatatua.

Dalili: "Vimebaki visanduku viwili na hakuna namba inayoingia"

Usitie viraka. Hiyo ndiyo tahadhari ya kwanza na nitairudia: usitie viraka. Mtu hubadilisha namba moja ili mwisho ukubali, kisha nyingine ili hiyo ikubali, na baada ya robo saa hajui tena kipi alikijua na kipi alikibuni.

Sababu ya kawaida ni lile pengo lililohesabiwa pungufu kwa moja, mapema sana. Pitia namba moja moja: 1 zote kwanza, mstari kwa mstari, safu kwa safu, kisha 2 zote, kisha 3. Kupitia kwa namba kunakamata kosa upesi kuliko kupitia kwa chumba.

Inayofuata ni kubahatisha uliyoisahau. Ulisema "hapa itakuwa 2" ukiwa na haraka, ukaiandika kwa wino wa moyo.

Ya tatu inaitwa steshenari. Niliwahi kupeleka majedwali manne yakatolewe nakala, na aliyenitolea akayapunguza ukubwa ili yaingie kwenye karatasi moja. Mistari minene ikawa sawa na myembamba sehemu mbili. Vyumba viwili vikaonekana kimoja. Watu wanane walikaa jioni nzima wakihangaika na fumbo lisilo na jibu, na lawama zote nilizibeba mimi. Tangu hapo, kabla ya kugawa, nakagua jambo moja: jumla ya visanduku vya vyumba vyote ilingane na jedwali. Jedwali letu la mfano: A 4, B 3, C 4, D 1, E 3, F 1. Jumla 16, na 4 kwa 4 ni 16. Hesabu hiyo haitakuonyesha ukuta uliofutika, ila itakulazimisha kufuata kila ukuta kwa kidole, na hapo ndipo utaona ulipofutika.

Sababu zote zikishindikana, chora jedwali upya kwenye karatasi safi, uhamishe namba zilizochapwa tu, uanze tena. Huchukua muda mfupi kuliko unavyoogopa, kwa sababu njia umeshaijua.

Dalili: "Jibu langu si sawa na la mwenzangu, na yote mawili yanaonekana sahihi"

Fumbo halali lina jibu moja. Hiyo ndiyo ahadi ya mtunzi kwa mchezaji. Kwa hiyo mmoja wenu amekosea, au fumbo lenyewe ni bovu, na kwa mpangilio huo wa uwezekano.

Badilishaneni karatasi. Mtu haoni kosa lake mwenyewe lakini la jirani analiona kama taa. Kila mmoja akague pengo la karatasi ya mwenzake. Hilo huimaliza kesi mara nyingi.

Kisha linganisheni namba zilizochapwa. Anayenakili kwa mkono huhamisha namba kisanduku kimoja pembeni bila kujua.

Zote zikiwa safi, mtuhumiwa ni mtunzi. Tazama inavyotokea. Jedwali letu, na ile 2 moja iliyochapwa, lina jibu moja:

3 1 2 1
4 2 1 3
1 3 4 2
2 1 3 1

Sasa futa 2 hiyo na badala yake chapa 3 kwenye kona ya juu kushoto. Namba zilizochapwa ni moja vilevile, na jibu hilo hapo juu bado ni sahihi. Lakini limezaliwa la pili. Tazama visanduku viwili vya mwisho vya safu ya kulia: badala ya 2 juu na 1 chini, weka 1 juu na 2 chini. Chumba E bado kina 1, 2 na 3. Mstari wa tatu una 1 mwanzoni na 1 mwishoni, pengo linatosha. Mstari wa chini una 2 pande zote mbili na visanduku viwili katikati, pengo linatosha kwa ufinyu. Safu ya kulia inasomeka 1, 3, 1, 2, haina neno. Majibu mawili, hakuna aliyekosea.

Dalili ya ubovu wa aina hii ni hiyohiyo siku zote: tofauti yenu iko kwenye kipembe kimoja, visanduku viwili vinabadilishana na vingine vyote vinafanana. Ukiona hivyo, acha kubishana. Mkitofautiana nusu ya jedwali, rudini kwenye pengo. Mmoja wenu amekosea mapema.

Simama, umwite mwingine

Ukianza upya mara mbili kwenye karatasi safi na ukagonga ukuta mahali palepale, usianze mara ya tatu. Mpe mtu mwingine jedwali tupu, bila kumwambia ulipokwama, maana ukimwambia atakwama nawe. Naye akigonga hapo, fumbo lina kasoro. Mrudishie mtunzi pamoja na alama ya kisanduku mlipokwama.

Kama mtunzi ni wewe, usijikague mwenyewe. Unajua jibu, kwa hiyo kila njia inakuonekea njia. Mtafute mtatuzi asiyejua jibu, na kwa jedwali linalozidi 8 kwa 8 mtafute pia mtu wa programu: kuandika programu fupi inayojaribu namba zote kwa zamu na kuhesabu majibu ni kazi ndogo kwake, na itakwambia kama majibu ni moja, mawili au hakuna. Mafumbo ya Nikoli yanasifika kwa kutungwa kwa mkono. Hata hivyo kukagua kwa mashine si aibu.

Na kama tatizo ni kwamba mistari minene na myembamba inaanza kufanana hata kwenye nakala nzuri, unaisogeza karatasi mbali ili uione, na kichwa kinauma baada ya nusu saa, hapo hakuna mbinu ya penseli. Kwa wengi hali hiyo huanza wakikaribia au kuvuka miaka 40. Nenda ukapimwe macho. Miwani ya kusomea ilinirudishia majedwali ya 10 kwa 10 niliyokuwa nimeyakatia tamaa.